Udongo mweusi wa bondeni: rangi pekee haitoi jina

SWALI: Malisho yangu yako katika nyanda za nusu kame, kwenye uwanda ambao mto hufurika miaka ya mvua nyingi. Udongo ni mweusi tii. Wapo wanaosema ni udongo wa pamba, na wengine wanasema ni mboji tupu iliyoletwa na mto. Nitajuaje ni aina gani?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi iweke kando kwanza. Katika nchi kavu weusi huu mara nyingi hauna maana kwamba mboji imejaa. Kaboni ogania (ile itokanayo na mabaki ya viumbe) ya asilimia 1 hivi, ikishikana vizuri na smektaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, yaweza kuutia udongo weusi wa mkaa. Smektaiti hujijenga bondeni kwa sababu maji hushuka na kalsiamu, magnesiamu na silika kutoka miteremko ya juu, yakafika chini na kukwama hapo. Geoffrey Milne, aliyekuwa mtafiti wa udongo Amani, Tanganyika, ndiye aliyeupa mpangilio huo wa udongo kutoka kilimani hadi mbuga jina la katena katika miaka ya 1930, na neno letu mbuga likaingia katika maandishi ya sayansi hiyo.

Bondeni kwako kuna nguvu mbili zinazoshindana. Mto huleta tope na kulitandaza tabaka juu ya tabaka. Mfinyanzi nao hupasuka wakati wa kiangazi, udongo wa juu ukadondokea kwenye nyufa, kisha mvua ikaja ukavimba na kusukumana hadi tabaka zile zikavurugika. Jina la udongo wako linategemea nguvu ipi imeshinda.

Chimba shimo mwishoni mwa kiangazi, kina cha mita 1.5, mbali na njia ya ng'ombe na mkondo wa zamani wa mto. Ukuta wenye nyufa huanguka bila kutoa dalili, kwa hiyo usishuke peke yako. Kabla ya kuchimba, pima nyufa: upana kwa rula, kina kwa waya mwembamba.

Hapa ndipo wengi hukosea. Bapa la jembe au sepetu hulainisha mfinyanzi na kuacha uso unaong'aa, mtu akadhani amepata uso wa msuguano, yaani alama ya mfinyanzi uliosukumana ukivimba. Chokonoa ukuta kwa ncha ya kisu, ng'oa bonge, livunje kwa mikono. Uso halisi wa msuguano huonekana ndani ya bonge: unang'aa kama ulipakwa nta, una michirizi midogo inayoelekea upande mmoja, nao umelala kwa mshazari, nyuzi 10 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi. Mabonge yenyewe huwa na umbo la kabari.

Ukikuta tabaka ya namna hiyo yenye unene wa sentimita 25 au zaidi, ikianzia ndani ya mita 1 ya juu, mfinyanzi usiopungua asilimia 30 kuanzia juu, na nyufa zinazofunguka na kufunga kwa msimu, hiyo ni Vertisoli katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ndio huo wanaouita udongo wa pamba. Sasa ndipo rangi inapohesabika. Lowesha bonge kwanza, maana likiwa kavu huonekana jeupe zaidi, kisha lilinganishe na chati ya Munsell, yaani kitabu cha rangi za udongo zilizopewa namba. Namba ya weupe isiyozidi 3 na ya ukolevu wa rangi isiyozidi 2 katika sentimita 30 za juu huipa sifa ya "peliki", yaani nyeusi.

Lakini ukiona ukanda mwembamba wa mchanga haujavurugika, tuseme kwenye sentimita 40, mto ndio ulioshinda. Kaboni nayo hupanda na kushuka kadiri unavyokwenda chini, badala ya kupungua taratibu. Huo ni wa kundi la Fluvisoli, udongo wa tope la mto. Ukiwa na nyufa na nyuso chache za msuguano, jina lake huongezewa sifa ya kuonyesha kwamba una dalili za Vertisoli. Na kama juu kuna tabaka nene, nyeusi, iliyo laini hata ikikauka, yenye besi nyingi (kama kalsiamu na magnesiamu) na isiyo na nyuso za msuguano chini yake, mfumo wa Marekani utaiweka kwenye Mollisoli.

SWALI: Je, naweza kupima uvimbaji wa udongo bila maabara?

JIBU: Unaweza. Chekecha udongo mkavu kwa chekeche ya milimita 2, ukande kwa maji hadi uwe kama unga wa chapati usionata, uufunike saa 24. Kata ncha ya bomba la sindano, jaza, sukuma vijiti vitatu vya sentimita 10. Viache kivulini vikauke kabisa. Vikianikwa juani hupinda na kukatika. Toa urefu mkavu kwenye urefu mbichi, kisha gawa kwa urefu mkavu. Kijiti cha milimita 100 kikibaki 90, jibu ni 0.11. Zaidi ya 0.06 ni uvimbaji mkubwa; zaidi ya 0.09 ni mkubwa mno, na nguzo za uzio zilizofukiwa kifupi zitainama. Ukikanda kwa maji mengi, utapata jibu lililozidi ukweli.

SWALI: Kuna vipara visivyoota nyasi, na madimbwi yake hubaki na rangi ya maziwa kwa siku kadhaa. Niweke chokaa?

JIBU: Subiri. Dondosha punje kavu ya milimita 5 kwenye glasi ya maji ya mvua, usiitikise. Itazame baada ya saa 2, tena baada ya saa 20. Ikiporomoka huku maji yakibaki maangavu, hiyo ni kulegea tu. Wingu la maziwa likiizunguka, shuku sodiamu. Usitumie maji ya kisima, kwani chumvi yake huzuia wingu hata kama sodiamu ipo. Maabara ikithibitisha kwamba sodiamu imeshika asilimia 15 au zaidi ya nafasi za kubadilishana, yaani zile ambamo mfinyanzi hushika kalsiamu, sodiamu na kadhalika, chokaa haitasaidia, kwa kuwa haiyeyuki vya kutosha kwenye udongo wenye alkali. Kinachotumika ni jasi, kwa kiasi kitakachotokana na vipimo hivyo.

SWALI: Mvua ya milimita 10 imenyesha, udongo una unyevu, lakini nyasi bado kavu. Kwa nini?

JIBU: Mfinyanzi huu hushika maji kwa nguvu kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, na mvua ya kwanza nyingi hutumbukia kwenye nyufa. Nyasi zitaamka mvua ikiendelea. Nyufa zikishafunga na juu kukawa tope, zuia mifugo hadi kwato zisiache shimo. Udongo ukikanyagwa katika hali hiyo hupoteza vitundu vyake, na maji ya mvua inayofuata yatatuama juu.