Usichanganye ukali wa asidi na ukolezi wake

Nimewasaidia wanafunzi wengi kwenye kemia, na mtu akiniuliza aanzie wapi topiki ya asidi na besi namwambia elewa kwanza tofauti ya ukali (asidi inaachia protoni zake kwa urahisi kiasi gani) na ukolezi (asidi ni kiasi gani kwenye kila lita), hapo ndo wengi wanapokwama.

Asidi inatoa protoni, yaani ioni ya haidrojeni, besi inaipokea. Ndo walivyoeleza wanakemia Brønsted na Lowry mwaka 1923, na mi naipenda kuliko ile ya Arrhenius, inayosema besi ni kitu kinachotoa haidroksidi (ioni ya OH) kwenye maji, maana inakuonyesha kwa nini amonia ni besi wakati haina haidroksidi ndani yake, inachofanya ni kuchukua protoni ya maji, haidroksidi ndo inabaki.

Sasa ukali. Asidi ya haidrokloriki ukiitia kwenye maji karibu molekuli zote zinaachia protoni, kwahiyo ni kali. Asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki, ikiwa na ukolezi wa moli 0.1 kwa lita ni kama molekuli 1 tu kati ya 100 inayoachia. Chukua zote mbili kwa ukolezi huohuo, ya kwanza itasoma pH 1 (pH ni kipimo cha ioni za haidrojeni, namba ikishuka ndo zinaongezeka), ya pili karibu 2.9. Lakini zifanyie titresheni, yaani ongeza besi ya sodiamu haidroksidi kidogo kidogo mpaka asidi iishe, uone, ujazo ukiwa sawa zinamaliza kiasi kilekile cha besi! Kila protoni inapochukuliwa molekuli nyingine inaachia ya kwake mpaka zote ziishe. Kama una maabara fanya hili kwa mikono yako kabla hujakariri chochote, na hiyo ya asetiki tumia kiashiria cha rangi cha fenoftalini, kile cha methili oranji itabadilika rangi mapema mno.

pH nayo isome kwa uangalifu, hatua moja ni mara 10, kwahiyo toka 5 kushuka hadi 3 ukolezi wa ioni za haidrojeni umeongezeka mara 100.

Alafu tafadhali, dhaifu sio salama. Asidi ya haidrofloriki inahesabiwa dhaifu ila inapenya ngozi, inakamata kalsiamu ya mwili na inaweza kuua. Dawa ya klorini ya kusafishia usiichanganye na asidi yoyote, inatoa gesi ya sumu. Na ukizimua asidi mimina asidi polepole kwenye maji huku unakoroga, kamwe usimimine maji kwenye asidi, hasa ya salfuriki, maana joto linalotoka linachemsha yale maji na asidi inakurukia usoni.