Maswali Yenu: Wasichana Viziwi na Mpira wa Kikapu Tanga

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kuhusu kliniki ya mpira wa kikapu, yaani mafunzo ya uwanjani, tuliyowaanzishia wasichana viziwi wa Tanga. Maswali yamekuja mengi, mengine kwa ujumbe wa simu, mengine nimeulizwa nikisimamishwa njiani. Nimechagua haya.

Binti yangu ana miaka 14. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, ikamwacha kiziwi. Mpira anaupenda, lakini anavaa hijabu, na gizani akitembea huyumba. Nimruhusu? (Mama, Makorora)

Mruhusu, mama mwenzangu. Suala la hijabu lilishamalizika. Mwaka 2017 shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, FIBA, lilibadili kanuni na kuruhusu kitambaa cha kichwani, ilimradi uso uwe wazi, vitambaa vya timu nzima viwe vya rangi moja, na pasiwe na pini wala kitu cha kumuumiza mwenzako. Suruali ndefu na mikono mirefu havimzuii mtoto kurusha mpira.

Kuyumba ndiko ninakotaka tukutazame vizuri. Ugonjwa ule unaweza kuharibu usikivu na pia sehemu ya sikio la ndani inayoushikilia mwili usipepesuke. Mchana macho yanamsaidia, giza likiingia msaada huo unaondoka. Kwa hiyo mweleze kocha mapema, usimfiche. Sisi wasichana wa namna hiyo tunawaanzisha polepole: kusimama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi ishirini, kisha kuruka na kutua kwa miguu miwili huku magoti yamekunjwa. Zoezi hilo la kutua tunawapa wote, kwa sababu wasichana huumia kano za goti katika mchezo huu kuliko wavulana. Na tunafunga mazoezi kabla ya magharibi.

Mimi ni mwalimu wa michezo, ninasikia. Nina wasichana viziwi wanne. Napuliza filimbi, napunga mikono, wao wanaendelea kucheza. Nawafundishaje? (Mwalimu, Chumbageni)

Mwalimu, swali lako nimelipenda kuliko yote, maana nami nilianzia hapo hapo ulipo.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wasichana tisa, mpira mkononi, mkalimani pembeni. Nikawa naeleza jinsi ya kudunda huku nadunda. Wote tisa wakautazama mpira, mkalimani hakuna aliyemwona. Nikarudia, ikawa vile vile. Ndipo binti mmoja, mrefu, mkimya wa mikono hata kwa wenzake, akatoka kwenye mstari, akanishika mabega, akanigeuza taratibu mpaka jua la alasiri likanipiga mimi usoni. Nilikuwa nimelipa jua mgongo, wao wanaona kivuli cheusi kinachopunga mikono. Kisha akauchukua mpira, akauweka chini kando ya mguu wangu, akanionyesha kwa kidole: sasa sema.

Katika mafunzo yote niliyohudhuria, sijawahi kufundishwa ukocha namna ile. Kiziwi anasikiliza kwa macho, na macho hayawezi kuwa mahali pawili. Eleza kwanza, mpira ukiwa chini. Halafu nyamaza, onyesha. Halafu wafanye wao. Mkalimani asimame ubavuni pako, asikae nyuma ya wachezaji. Vaa fulana ya rangi moja iliyokoza ili mikono ionekane. Na uwapange nusu duara, kila mmoja amwone mwenzake.

Kuhusu kusimamisha mchezo: sakafu ya saruji haipeleki mtikisiko kama ya mbao, kwa hiyo kukanyaga kwa nguvu hakutakusaidia. Wekeni mapatano kwamba yeyote akimwona kocha ameinua mkono, anasimama na kuinua wake. Kwetu sasa mikono tisa inakuwa juu kabla sijahesabu tatu.

Halafu angalia jambo hili. Mwamuzi wa mpira wa kikapu tayari anazungumza kwa mikono. Ngumi juu ni faulo, kiganja wazi juu ni saa isimame, ngumi mbili zikizungushana ni hatua, yaani kutembea na mpira bila kuudunda. Wasichana hawa walizishika ishara hizo kwa alasiri moja. Hata ile desturi ya wachezaji kukusanyika duara na kuinamisha vichwa, inasimuliwa kwamba ilianzia kwa viziwi wa Chuo cha Gallaudet, Washington, miaka ya 1890, wakicheza kandanda ya Kimarekani na wakificha alama zao wapinzani wasizione.

Shikamoo kocha. Nina miaka 19, ni kiziwi, natumia kifaa cha kusikia. Naweza kufika mashindano ya dunia ya viziwi? Nicheze na kifaa changu? (Dada, Pongwe)

Marahaba mwanangu. Mashindano hayo ni Deaflympics. Yalianza Paris mwaka 1924, na ya mwaka 2025 yalifanyika Tokyo mwezi Novemba. Kikapu cha wanawake kimo. Anayeruhusiwa ni aliyepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 katika sikio lake zuri zaidi, kwa hiyo utahitaji kipimo cha hospitali. Uwanjani kila mtu anavua kifaa, wote wawe sawa. Anza kukizoea hicho kimya sasa, mazoezini. Ukivua, kifunge kwa kitambaa kikavu, jasho linakiua. Safari yenyewe ni ndefu, na mtu hawezi kuimaliza peke yake bila timu. Njoo tuijenge timu kwanza.

Mjukuu wangu bubu ana miaka 20, anashona nguo vizuri. Mpira utamsaidia nini? (Mzee, Ngamiani)

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, naomba tumwite kiziwi. Neno lile linawaumiza, na mjukuu wako lugha anayo, iko mikononi.

Mzee, pale nyumbani ni wangapi wanaoijua Lugha ya Alama? Wasichana wetu wengi hushinda siku nzima wakiambiwa mambo matatu: njoo, kula, nenda. Mazoezi yakiisha saa kumi na mbili, hawaondoki. Wanakaa ukutani wakiongea, mikono inakwenda mbio, wanacheka mpaka machozi. Mara ya kwanza nilipowaona hivyo nilijifanya nakusanya mipira nisiwakatishe.

Kikundi chetu cha akina mama kimechanga fedha. Tunataka kudhamini kliniki ya siku tatu, fulana kwa wote na kocha maarufu kutoka Dar es Salaam. Mnasemaje? (Katibu, Mikanjuni)

Ahsanteni sana, dada zangu, na naomba mnisikilize. Siku tatu zitapendeza, picha zitapigwa, na Jumatatu wasichana watarudi ndani. Nimeshaona kliniki ya hivyo ikiacha maboksi matupu ya maji.

Fulana ziacheni. Nunueni mipira namba 6, ya wanawake; namba 7 ya wanaume ni mikubwa na mizito kwa viganja vyao. Wekeni nauli ya daladala na posho ya mkalimani kwa miezi sita. Uwanja mzima hauhitajiki, kikapu cha watatu kwa watatu kinachezwa nusu uwanja. Kocha wa Dar aje, lakini kazi yake iwe kuwafundisha wanawake viziwi wawili waweze kushika mazoezi yeye akiondoka. Binti aliyenigeuza siku ile sasa ndiye anayewapasha wadogo misuli, na wadogo wanamfuata yeye kuliko mimi. Anastahili kulipwa.

Jambo moja sitalegeza: wakati wote wawepo watu wazima wawili, mmoja awe mwanamke anayejua alama. Msichana kiziwi akipata shida huenda asiweze kupiga kelele za maneno. Lazima awepo wa kumwelewa pale pale.

Sisi tunaosikia tunaruhusiwa kuja? (Wengi)

Njooni, Jumamosi baada ya alasiri. Jifunzeni kwanza alama nne: habari, simama, pasi, tena. Mkidumu watawapa jina la alama, na jina hilo hujichagulii, wanakupa wao. Langu ni viganja viwili mabegani, halafu mwili unageuzwa kulielekea jua.