Bogi nyepesi isiyo na kelele: nani atainunua?

SWALI: Nasoma uhandisi mitambo Ujerumani. Kikundi chetu kimebuni bogi (fremu yenye magurudumu inayolibeba behewa) ya behewa la mizigo yenye breki za diski, nyepesi na tulivu kuliko Y25, bogi iliyozoeleka Ulaya. Kila kampuni tunayoiendea inatusifu, kisha kimya. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu, hongereni, kazi hiyo inahitajika sana. Shida ni kwamba mnamuuzia utulivu mtu asiyesumbuliwa na kelele. Wanaokosa usingizi ni wakazi wa kando ya reli, kama wale wa bonde la Rhine. Mwenye behewa hulikodisha tu, na gharama zinabaki kwake.

Historia ya breki inalionyesha hilo. Vipande vya breki vya chuma cha kusubu hukwaruza uso wa gurudumu, na gurudumu lililokwaruzika hunguruma likibiringika hata breki ikiwa imeachiwa. Vipande vya kompositi, yaani mchanganyiko wa malighafi badala ya chuma cha kusubu, huuacha uso laini, kelele ikapungua kwa takriban desibeli 10, ambazo sikio huzihesabu kama nusu. Kompositi ya aina iitwayo K ilikuwepo tangu 2003, lakini behewa la zamani lilibidi lirekebishwe mfumo mzima wa breki. Aina ya LL, iliyoidhinishwa 2013, huingia palepale pa kile cha chuma. Hata hapo wamiliki walihitaji kusukumwa: Ujerumani ilitoa ruzuku, ikaweka tozo ya reli inayofuata kelele, kisha ikapiga marufuku mabehewa yenye kelele kuanzia Desemba 2020. Uswisi iliwatangulia Januari mwaka huohuo.

Kwa hiyo mshindani wenu si chuma tena, ni LL, na kwa bei hamumuwezi. Uzeni uzito. Njia nyingi za Ulaya zinaruhusu tani 22.5 kwa ekseli, yaani tani 90 kwa behewa la ekseli nne. Behewa tupu likiwa na tani 24, linabeba 66. Punguzeni tani mbili, linabeba 68, na treni ya mabehewa 25 inapata tani 50 za ziada kila safari. Faida hiyo ipo kwa saruji, chuma au mafuta. Kwenye makontena ya nguo haipo, maana nafasi hujaa kabla ya uzito. Jambo la pili la kuuza ni gurudumu lenyewe: diski haigusi uso wake, kwa hiyo huchelewa kwenda kuchongwa upya.

Msiufiche ugumu wa wepesi. Behewa jepesi likiwa tupu kwenye reli iliyopinda na kujipotoa, gurudumu moja linaweza kupungukiwa mzigo hadi likaipanda reli. Fremu ngumu kupita kiasi huzidisha hatari hiyo. Tofauti ya tupu na shehena nayo inakua, kwa hiyo vali ya breki inayopima mzigo lazima iwe ya kuaminika. Na mkiwa mmeweka beringi upande wa ndani wa magurudumu, vifaa vya kando ya njia vinavyogundua beringi iliyopata joto vimelengwa nje. Meneja wa njia atawauliza hilo mapema.

Mimi ningeanza na mteja mmoja mwenye treni zinazozunguka kati ya kiwanda na bandari ileile, shehena nzito ileile. Mabehewa hayo hurudi karakana moja, kwa hiyo mafundi wake mtawafundisha na vipuri mtaviweka hapo. Behewa linalotangatanga Ulaya nzima likiharibika Poland, fundi wa huko ana vipuri vya Y25, hana vyenu. Pimeni kelele, hali ya magurudumu na gharama za matengenezo sambamba na mabehewa yake ya zamani kwenye njia hiyohiyo, kisha mpelekeeni hesabu hizo mhasibu wa kampuni inayofuata.