Maswali yenu: Moto ukishazimwa, ushahidi gani unabaki?

Swali: Je, mhalifu akichoma nyumba, ushahidi wote unateketea?

Hauteketei wote. Joto kali hupanda darini, kwa hiyo kitu kilichofunikwa na kifusi mapema huweza kukutwa sakafuni kikiwa kizima. Karatasi moja moja huwa jivu, lakini bunda lililobanana huungua kingo tu, katikati pakasomeka. Alama za vidole kwenye kioo au chuma nazo mara nyingi hufichwa tu na masizi, ambayo mtaalamu huyatoa taratibu kwa brashi laini au utepe wa kunata. Anayepangusa kwa kitambaa "aone vizuri" ndiye anayezifuta.

Swali: Zulia lilinuka petroli pale pale, tukalitia kwenye mfuko wa plastiki. Wiki mbili baadaye maabara haikukuta kitu. Kwa nini?

Kosa ni mfuko, ndugu. Plastiki ya kawaida hupitisha mvuke wa petroli, na mvuke wa nje nao huingia. Tumia kopo jipya la bati lenye mfuniko wa kubana, au chupa ya kioo. Lijaze theluthi mbili tu, maana kinachopimwa ni mvuke unaojikusanya juu ya sampuli. Kata penye mpaka wa palipoungua na pasipoungua, pia kwenye nyufa na maungio ya sakafu ambako petroli hujipenyeza ikakwepa moto. Badili glovu kila kopo.

Kopo la pili lisisahaulike: kipande cha zulia lile lile kutoka mahali pasipotiliwa shaka. Zulia la sintetiki likiungua hutoa kemikali zinazokaribiana na za petroli, na bila cha kulinganisha wakili wa utetezi atakutoa jasho. Ukichukua sampuli ya udongo, igandishwe mapema. Bakteria hula petroli.

Swali: Kioo chenye nyufa kama utando wa buibui ni dalili ya petroli?

Hapana, hiyo ni imani ya zamani. Nyufa hizo hutokea kioo kilichopata joto kali kinapomwagiwa maji ya kuzimia moto. Geuza badala yake vipande vilivyo chini ya kifusi: upande uliolalia sakafu ukiwa hauna masizi, yaelekea dirisha lilivunjika kabla moshi haujatanda.