Oili, grisi na vyuma vinavyolia: nawajibu

Meseji zimekuwa nyingi, nashika hizi zinazojirudia.

Fundi, oili ya piki iliniishia nikaweka ya gari iliyokuwepo home. Sasa nikivuta mafuta injini inalia kweli ila piki haiendi.

Klachi inateleza hiyo, yaani zile plate zinazoshikana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Piki nyingi klachi inaoga kwenye oili ileile ya injini, na zile plate zinatakiwa zing'ang'aniane, sasa oili nyingi za gari, hasa hizi nyepesi kama 5W-30, zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisile sana mafuta, ikifika kwenye klachi ndo sawa na mmepaka sabuni mikononi halafu mnavutana. Mwaga yote, weka ya piki, tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya piki inayooga kwenye oili. Ukiwahi plate zinapona, ukiendelea kubeba abiria hivyohivyo mpaka zinuke, andaa hela.

Hivi oili inapitaje kwenye vyuma vilivyobanana vile?

Swali zuri hili. Chuma hata king'ae vipi kina vilima vidogo macho hayavioni, vikikutana vikavu vinakwaruzana, vinachemka, vinamenyeka. Ila shafti, kile chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya injini, ikizunguka inaikokota oili yenyewe, inaisukumia pale palipobana mpaka inajijenga kama utando na shafti inaelea juu yake, kama vile gari likiingia kwenye dimbwi na spidi linavyoelea, tairi haigusi tena lami. Hapo kinachosuguana ni oili kwa oili. Shafti ikisimama utando unaisha, chuma kinakalia chuma, ndo maana asubuhi ukiwasha tu usivute mafuta mpaka mwisho, mpe muda kidogo oili ifike.

Mimi nashona, cherehani imekuwa nzito wakati naitia mafuta ya kupikia kila wiki.

Dada yangu, hayohayo ndo yameifunga. Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye hewa yanaganda, nilifungua moja juzi ndani kuna utando wa njano kama gundi, mavumbi ya nyuzi yamenasa humo, gurudumu hata kwa mkono halizunguki. Osha kwa brashi na mafuta ya taa, futa, acha ikauke kabisa, halafu oili ya cherehani, ile nyepesi isiyo na rangi, tone moja moja kwenye vitundu vyake. Shonea kwanza kitambaa kibovu, la sivyo utaharibu gauni la mtu.

Oili ikiwa nyeusi ndo imekufa?

Si lazima. Nyeusi maana yake inabeba masizi, ndo kazi yake. Fuata kilomita za kitabu cha chombo chako.

Diski ya brek inapiga kelele, naweza kupaka grisi kidogo?

Usithubutu! Brek ndo sehemu tunayoutaka huo msuguano. Na kama ushapaka, osha diski, pedi zilizokunywa grisi tupa, na leo usitoke na hiyo piki.