Mistari myeupe kwenye mchoro wa zamani

Ndugu yangu, unahofu kwamba ukurasa wako wa gazeti la Marekani Harper's Weekly wa 1862, ule wa mchoraji Winslow Homer wenye mdunguaji juu ya mti, ni feki kwa kuwa una mistari myeupe myembamba inayoikata picha. Hiyo isikutie shaka. Homer alichora tu. Waliochonga picha ili ichapwe ni mafundi wengine, kwenye ubao wa mti uitwao boksi (boxwood), uliokatwa kukingama. Mti wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo vipande vidogo vilifungwa pamoja kwa skrubu. Kazi ikiwa ya haraka, vilifunguliwa, kila fundi akachonga chake, kisha vikaunganishwa tena. Kiungo kisipokaa sawasawa, ndipo mstari unapotokea.

Ila nakala ya kisasa nayo huonyesha mistari hiyohiyo. Chukua lenzi: ukiona vinukta vidogo vilivyopangwa, hiyo si ya 1862. Geuza nyuma pia, uone kama kuna ukurasa wa gazeti. Rangi yoyote ilipakwa baadaye, gazeti lenyewe lilichapwa kwa wino mweusi tu.

Na tafadhali, usiipeleke kwenye lamineshani!