Maswali yenu: zip, tar na rar kwenye terminali

Wiki hii maswali karibu yote ni ya mafaili yaliyofungwa, yaani mafaili mengi yaliyowekwa ndani ya faili moja (zip, tar, rar), na jinsi ya kuyafungua kwenye terminali, lile dirisha la kuandika komandi. Nayajibu moja moja.

Mkuu nimefungua tar.gz nikiwa ndani ya Downloads, mafaili kibao yamemwagika humo yamechanganyika na ya kwangu. Nayatoaje?

Pole sana ndugu yangu, na kwanza acha kufuta kwa mkono maana utafuta na vya kwako. Orodha kamili ya vilivyotoka bado iko ndani ya lile tar, andika `tar -tf mradi.tar.gz > orodha.txt` halafu fungua hiyo orodha uisome yote, ndo ufute kilichomo humo tu. Ila angalia kitu kimoja: kama ulikuwa na README.txt yako na ndani ya tar kulikuwa na README.txt, basi ya kwako imeshafunikwa, tar ya Linux haiulizi, inaandika juu moja kwa moja. Mimi nilipoteza noti za semista nzima hivyohivyo na ndio maana hili nalisema kila mara, chungulia kwanza ndo ufungue. Ukiona kwenye `-tf` kila mstari unaanza na jina la folda moja, mfano mradi/picha.png, fungua tu hamna shida. Ukiona majina yamekaa uchi bila folda, tengeneza folda mwenyewe:

`mkdir mradi`
`tar -xf mradi.tar.gz -C mradi`

C ni kubwa, na folda lazima iwepo kabla, tar haikutengenezei.

Inanigomea inasema "not in gzip format" wakati faili limeandikwa tar.gz kabisa!

Jina sio ushahidi dada. Andika `file mradi.tar.gz` itakwambia kilichomo kweli. Mara nyingi utakuta HTML, yaani ulichopakua ni ukurasa wa kukutaka uingie na paswedi, faili lenyewe hukulipata. Ikisema XZ, yaani limebanwa kwa njia nyingine sio gzip, basi ondoa herufi z kwenye komandi (kama uliandika `tar -xzf`), andika `tar -xf` peke yake, itajua yenyewe imebanwa kwa njia gani. Na kama inalalamika "unexpected end of file" basi limekatika njiani, rudia kupakua na `wget -c` (komandi ya kupakua) na linki ileile, ikiwa seva inaruhusu itaendelea pale ilipoishia.

Nimetumia 7z e kufungua backup ya website, folda zote zimepotea mafaili yamelundikana sehemu moja

Hiyo `e` ndo kazi yake, inatoa mafaili inatupa njia za folda. Unayoitaka ni `x`: `7z x backup.7z -otovuti`, na hapo -o inashikana na jina la folda bila nafasi. Futa huo mlundikano uanze upya, usijaribu kuupanga kwa mkono, kwenye website kuna index.php za kutosha na ukiziruhusu zifunikane hapo hujui tena ipi ni ya wapi.

Windows natakiwa niinstoo nini?

Kwa tar hakuna, Windows 10 inayo tangu 2018. Fungua cmd, ndo terminali ya Windows, uandike `tar -xf`, na hiyo ya Windows inafungua hata zip. Ya Linux haifungui zip, huko tumia `unzip`, na kuchungulia ni `unzip -l`.

Nimetumiwa video ya harusi vipande sita vya rar, nafungua kimoja kimoja kila kimoja kinaleta eror

Hivyo sio mafaili sita mama, ni faili moja limekatwa. Viweke vyote folda moja, usibadili majina, ufungue cha kwanza tu, `unrar x harusi.part1.rar`, vingine itavifuata yenyewe. Ikigoma tena andika `unrar t harusi.part1.rar`, inakagua bila kufungua na inataja kipande kibovu, omba utumiwe hicho kimoja tu, usimalize bando kupakua sita upya.